Ufunguo m12

Shangazi yangu alisoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla ya kitabu kuchapwa, kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda kimoja cha uchapaji. Kwa muda wote huo hakuna kitabu cha shule kilichotoka pale bila kupita chini ya kalamu yake nyekundu. Wenzake walimwita Bi Nukta. Wageni walidhani ni kwa sababu ya ufupi wake, lakini jina lilitokana na alama moja ya wasoma prufu. Ukikata neno kwa mstari, kisha ukagundua kwamba neno lilikuwa sahihi na wewe ndiye uliyekosea, huandiki maelezo marefu pembeni. Unaweka nukta ndogo ndogo chini ya neno ulilolikata, na mpangaji wa kurasa anaelewa: liachwe kama lilivyo. Wasoma prufu wengi huona haya kuziweka nukta hizo, kwa kuwa kila moja ni ushahidi kwamba kalamu ilikimbia. Shangazi hakuona haya hata kidogo. "Nimekata vibaya, narudisha," alikuwa akisema. "Kwani nimeua?"

Idara yake ilipofungwa walimpa keki na saa ya ukutani. Akarudi nyumbani, yaani kwetu, maana anaishi na mimi na baba, ambaye ni mdogo wake. Wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili akaanza kuisahihisha nyumba.

Hakuna aliyesalimika. Tangazo la ngazini lililosema "Tafadhari msimwage maji" liliamka siku moja likiwa na r iliyokatwa na l nyekundu juu yake. Jirani wa chini, aliyelibandika, hakutusalimu kwa siku tatu. Baba aliacha mezani orodha ya vitu vya sokoni, akaikuta ina alama kumi na moja, na chini yake maneno: "Mawazo mazuri. Rudia."

"Dada," baba alisema, "hii ni orodha ya vitunguu."

"Ndiyo. Na vitunguu vinaishia na u mbili, mdogo wangu. Wewe umeweka moja."

"Muuza vitunguu hatanihukumu."

"Hajaiona bado."

Baba akanifuata jikoni, akafunga mlango. "Mtafutie huyu kazi," alininong'oneza. "Kazi yoyote. La sivyo nitahama mimi, na nyumba ni yangu."

Nilicheka, lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona Shangazi amekaa dirishani akichonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari. Alipomaliza aliitazama ncha, akaiweka chini, akaichukua tena, akaanza upya.

Mimi nafanya kazi katika karakana ndogo ya michezo ya kompyuta. Tulikuwa watatu. Fundi anaandika programu. Dada yake mkubwa, ambaye tunamwita Mchoraji, anachora, na ndiye mwenye karakana. Mimi naandika hadithi na maneno yanayotokea kwenye skrini. Tuko katika chumba kimoja juu ya duka la vioo, chenye meza tatu, viti vinne, na feni inayotikisa kichwa kama mtu anayekataa kila unachomwambia. Kiti cha nne kilikuwa cha mabegi.

Mchezo tuliokuwa tukiutengeneza ni wa watoto wanaojifunza kusoma. Msichana anaingia katika nyumba kubwa ya zamani, anaokota vitu, anafungua milango, na kila anachokifanya kinaandikwa chini ya picha ili mtoto asome. Tulikuwa tumeupeleka kwenye maktaba ya watoto. Mkutubi wa pale aliucheza kwa dakika kumi, penseli mkononi, kisha akatukabidhi karatasi yenye makosa kumi na saba. "Umepata ufunguo 3." "Kikombe mkubwa amevunjika." Na lile ambalo mpaka leo Fundi hataki likumbushwe: "Umepata maufunguo 3 mkubwa."

"Watoto mia mbili wanajifunza kusoma katika chumba hiki," Mkutubi alisema. "Siwezi kuwaachia mashine inayosema maufunguo. Rekebisheni, mje tena. Mara moja tu."

Sentensi nilizoziandika mwenyewe zilikuwa safi. Zilizochafuka ni zile ambazo mashine ilijiundia yenyewe kila mchezaji alipookota kitu, na hizo zilikuwa nyingi kuliko zangu. Fundi alijaribu kuzitengeneza kwa kubandika "ma" mbele ya kila kitu kilichozidi kimoja. Ndiyo hayo maufunguo.

Mimi si mtu wa kusimama katikati ya chumba nikatoa hoja. Nilimwandikia Mchoraji ujumbe kwenye simu, ingawa meza yake iko hatua tatu kutoka yangu, nikamweleza habari za Shangazi. Niliusikia ukiingia. Akausoma, akazungusha kiti.

"Aje Jumatatu," alisema kwa sauti.

"Nani?" Fundi akauliza.

"Atakayekuokoa."

Jumatatu Shangazi alikuja amevaa kama anakwenda kupokea cheti, na mkoba wenye kalamu tatu nyekundu. Mchoraji aliondoa mabegi kwenye kile kiti.

"Shangazi, mimi sizungushi maneno," alimwambia. "Ijumaa asubuhi tunarudi kwa Mkutubi. Akiridhika, kiti hiki ni chako, mabegi yatajua pa kwenda. Akikataa, sina mchezo, na sina cha kukukalisha. Una siku tano."

"Nne na asubuhi moja," Shangazi alisema.

"Ameanza," Fundi alinong'ona.

Shangazi alikifuta kile kiti kwa leso, mgongo, miguu, mpaka chini ya kikalio, kisha akakaa na kusogea mbele mpaka tumbo likagusa meza. Namjua. Nilijua kwamba alishakipenda.

Aliomba kazi ichapwe kwenye karatasi. Fundi akamchapia kurasa ishirini za skripti, ile lugha yetu ya kuuamuru mchezo, na Shangazi akazishukia. Kabla ya mchana Fundi alikuwa ameinama juu ya meza yake.

"Hapa umekata 'kitu', umeandika 'funguo'."

"Ndiyo. Umepata funguo, siyo umepata kitu. Kitu gani?"

"Hilo siyo neno la kusomwa, Shangazi. Hicho ni kigeugeu."

Shangazi aliweka kalamu chini. "Ni nini?"

"Kigeugeu. Ni jina la mahali pa kuwekea kitu. Sasa hivi ndani yake mna ufunguo. Mchezaji akiokota kikombe, mna kikombe. Kinageuka, lakini jina ni lile lile."

"Niliwahi kuchumbiwa na mmoja," Shangazi alisema. "Yeye hakuhitaji kompyuta."

Mchoraji alicheka mpaka akalala juu ya mchoro wake, akainuka na wino shavuni.

"Na vinageuka ovyo tu?" Shangazi akaendelea.

"Hapana, kila kimoja kina aina yake. Kuna namba nzima, ya kuhesabia vitu. Kuna namba yenye nukta..."

"Hiyo ni yangu."

"...kuna matini, yaani maneno, ambayo tunayafunga ndani ya alama za kunukuu. Na kuna ndiyo au hapana, kwa mfano mlango umefungwa au haukufungwa. Ukichanganya aina, mashine inakataa. Huwezi kuchukua neno 'kikombe' ukaligawa kwa mbili."

"Lakini inakubali 'kikombe mkubwa'."

"Kwake yote ni matini. Haioni tofauti."

"Na wewe unaona?"

Fundi alijikuna kisogo. Feni ikatikisa kichwa.

"Basi nionyeshe sentensi yenyewe niisahihishe," Shangazi alisema.

"Haipo."

"Iko wapi?"

"Haijazaliwa. Inazaliwa mchezaji akibonyeza."

Nadhani hilo ndilo lililomshtua zaidi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amesahihisha sentensi zilizotulia mahali pake, zikimngoja. Sasa aliambiwa asahihishe sentensi ambayo bado haijaandikwa na mtu, na ambayo kesho itaandikwa tofauti. Tulirudi nyumbani. Wakati wa chakula baba alisema makusudi "vitu zangu ziko wapi?" na Shangazi hakumrekebisha.

Baba alinigeukia kwa hofu. "Anaumwa?"

Hakuwa anaumwa. Alikuwa amegeuza kalenda ya mwaka uliopita na kuanza kuchora safu nyuma yake kwa rula.

Jumanne aliibandika kalenda ile ukutani, juu ya meza ya Fundi. Ilikuwa jedwali, mistari imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Mashine yako ina aina nne," alisema. "Kiswahili kinadai ya tano. Iite jina. Na jina haliji mikono mitupu. Linakuja na umoja wake, wingi wake, na ngeli yake. Ufunguo, funguo, ngeli ya U-ZI. Kikombe, vikombe, KI-VI. Ukiweka ufunguo ndani ya hicho kigeugeu chako, viingie vyote vitatu kwa pamoja."

Fundi alisimama. "Kama mtu na kitambulisho chake mfukoni."

"Hapo umenena."

"Na 'kubwa'? Iko ya namna ngapi?"

"Kubwa moja tu, mwanangu, ila inavaa kofia tofauti. Andika mzizi, namna kamusi inavyouandika." Akamwonyesha kwenye jedwali: -kubwa, -dogo, -refu, -ekundu. "Hiki kistari cha mbele ni nafasi iliyoachwa wazi. Mashine itazame ngeli ya jina, iondoe kistari, iweke kiambishi mahali pake. Ufunguo mkubwa. Kikombe kikubwa. Kikombe chekundu, hapo utatoa jasho kidogo."

"Na namba je? Namba si ni namba tu?"

"Moja mpaka tano zinavaa kofia. Na nane. Vikombe vitatu, vikombe vinane. Sita, saba, tisa na kumi hazivai."

"Kwa nini nane ivae na saba isivae?"

"Sijui. Sikuwepo zilipogawiwa."

Fundi aliandika mpaka alasiri bila kuinua kichwa. Mchoraji alimwekea chai mara mbili na kuiondoa mara mbili ikiwa baridi. Kisha tukamsikia anasoma kwa sauti, polepole, kama mtu aliyepokea barua kutoka mbali:

"Umepata vikombe vitatu vikubwa."

Akabonyeza tena. "Umepata mawe manane madogo." Akabonyeza. "Funguo saba nyekundu zimeanguka." Akageuka, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Shangazi, hii sikuiandika! Imesema yenyewe!"

"Nimesikia," Shangazi alisema, na akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Jumatano ikawa siku ya kuingiza vitu. Nyumba ya mchezo ilikuwa na vitu zaidi ya mia mbili, na Shangazi alikataa mtu mwingine asiviguse. Fundi alimwonyesha mfano mmoja wa jina, naye akajifunza kibodi kwa vidole viwili, akibonyeza kila herufi kama anaua chawa. Mwavuli, miavuli. Ukuta, kuta. Alifurahi kama anajaza kabati jipya.

Alipofika kwenye kitu cha mia moja na kitu, alisimama. "Mwanangu," aliniita, "huyu kidoli au hiki kidoli?"

Katika hadithi niliyoiandika, kuna kidoli cha mbao kwenye kabati la chumba cha juu. Mchezaji akizungusha ufunguo mgongoni mwake, kidoli anaamka, na kuanzia hapo anatembea na mchezaji nyumba nzima.

"Kabla ya ufunguo ni hiki," nilisema baada ya kufikiri. "Baada ya ufunguo ni huyu."

"Ndivyo nilivyodhani." Akamgeukia Fundi. "Kidoli kibadilishe ngeli."

"Haiwezekani. Ngeli nimeifanya thabiti, ikishawekwa haigeuki. Wewe mwenyewe ulisema kila jina lina ngeli yake."

"Nilisema. Lakini hiki kikishaamka siyo kitu tena. Unataka nimwambie mtoto 'kidoli kimesimama', wakati mtoto anakiona kinamkonyeza?"

"Shangazi, nikifungua hiyo, lolote linaweza kugeuka."

"Chumba kizima mmekijaza vigeugeu, halafu huyu mmoja mwenye sababu ya kugeuka ndiye mnamnyima?"

"Mfungulie," Mchoraji alisema bila kuinua kichwa. "Utashindwa tu mbele ya huyu mama, bora ushindwe mapema tupate kazi."

Akaifungua.

Alhamisi saa sita mchana tulikusanyika nyuma ya kiti cha Fundi kuujaribu mchezo mzima, na orodha ya Shangazi ndani yake kwa mara ya kwanza. Msichana wa kwenye skrini aliingia sebuleni, akainama, akaokota. Chini ya picha maneno yakatokea:

"Umepata ufunguo m12."

Fundi akabonyeza.

"Umepata vikombe viwili vi4."

Akabonyeza tena. "Mbele yako kuna ukuta m0."

"Lakini angalieni," Shangazi alisema kwa sauti ndogo, "m kwa ufunguo, vi kwa vikombe. Upatanisho umekaa sawa."

"Shangazi, ufunguo m12 ni ufunguo wa namna gani?"

Fundi alifungua orodha. Alishuka nayo taratibu, kisha akaweka kidole kwenye skrini. Majina yote Shangazi alikuwa ameyafunga ndani ya alama za kunukuu, kama alivyoonyeshwa. Lakini sifa alizinakili moja kwa moja kutoka kwenye jedwali lake, namna kamusi inavyoziandika, kistari mbele na hakuna kingine. Mashine ilipoona -kubwa bila alama za kunukuu haikuona mzizi. Iliona alama ya kutoa. Ikaenda kutafuta kigeugeu kinachoitwa kubwa ili ikitoe, na kwa bahati mbaya Fundi alikuwa nacho, amekiwekea namba ya chumba cha juu kabisa: kumi na mbili. Alikuwa na dogo pia, nne. Refu hakuwa nacho, na kisichokuwepo mashine yetu inakihesabu sifuri. Ikapata hasi kumi na mbili, yaani -12, ikaondoa kistari kama ilivyofundishwa, ikaweka kiambishi kwa adabu zote.

Kulikuwa na mahali mia mbili na kumi na nne pa namna hiyo.

Shangazi alivua miwani. Aliweka kofia ya kalamu, akaiingiza mkobani, akachukua na ya pili. "Alama za kunukuu," alisema. "Mimi! Nimewarudishia watu wazima kurasa nzima kwa kukosa alama za kunukuu. Mmoja alilia." Akasimama, akashika mgongo wa kiti kana kwamba anakirudisha kwa mwenyewe. "Kesho ndiyo Ijumaa. Nimewaharibia."

Nilitaka kusema kitu, na kama kawaida yangu nilikuwa bado nakipanga. Mchoraji hakupanga.

"Kaa chini, Shangazi. Humu hatufukuzi mtu kwa ajili ya kistari. Tungekuwa tunafukuza, ningeanza na huyu. Hivi wewe," akamgeukia mdogo wake, "nani anaita kitu 'kubwa'? Kubwa nini?"

Shangazi aligeuka taratibu. "Ndiyo," alisema. "Kubwa nini?"

"Namba kubwa ya chumba," Fundi alijitetea. "Mimi naielewa."

"Sifa haina jina la kuegemea! Ningeikuta kwenye prufu ningeizungushia duara mara mbili." Miwani ilikuwa imerudi usoni. "Kubwa nini, dogo nini? Ukisikia mtu barabarani anapiga kelele 'Kubwa! Kubwa!' utakimbia upande gani?"

"Basi nimekosa, nimekosa."

"Kiite chumba_cha_juu. Na hicho kingine chumba_cha_chini."

"Nitaviita. Lakini na wewe vistari vyako tuviondoe, tumalize. Ni rahisi."

"Kistari hakitoki," Shangazi alisema. "Bila kistari hiyo ni kubwa ya nyumba kubwa, imeshavaa. Nataka ile ambayo haijavaa." Akakaa. Kalamu mbili zikatoka mkobani. "Alama za kunukuu zinaiambia mashine: haya ni maneno, yachukue yalivyo, usiyafanyie hesabu. Ndiyo kazi yake hata kwenye vitabu. Fundi, mashine inaweza kuziweka zote kwa mara moja?"

"Inaweza."

"Basi iziweke. Mimi nitazipitia moja moja. Siiamini."

Mashine iliziweka kwa kufumba na kufumbua. Shangazi alizipitia kwa saa tatu, akakuta mbili zilizoruka, akatangaza kila moja kwa furaha isiyofichika. Fundi alibadilisha majina ya vigeugeu vyake vyote na kumwuliza Shangazi ruhusa kwa kila kimoja. Saa kumi na moja jioni msichana aliinama tena sebuleni. "Umepata ufunguo mkubwa." Tulipiga makofi kama watu waliokuwa hawajawahi kuona ufunguo.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa maktaba. Mkutubi ni mwanamke mrefu, na alikuwa amekaa kwenye kiti cha watoto, magoti karibu na kidevu, karatasi safi juu ya kitabu kigumu mapajani. Mlango wa kioo ulikuwa umefungwa, na nje yake kundi la watoto limebana pua kwenye kioo.

Alicheza kama mtu anayetafuta mahali ambapo sakafu imeoza. Aliokota vitu vitatu, kisha vinane, kisha sita, kisha kimoja. Alisoma kila sentensi kwa sauti.

"Umepata funguo tatu kubwa." "Vikombe sita vyekundu vimevunjika." "Jiwe moja dogo limebaki." Penseli haikusogea. Fundi alikuwa ameshika mkono wangu bila kujua, au labda alidhani ni wa dada yake.

Akapanda ngazi mpaka chumba cha juu. Akafungua kabati. "Kidoli kidogo kimekaa kabatini." Akazungusha ufunguo.

"Kidoli mdogo amesimama."

Penseli ilishuka. Aliandika neno hilo kwenye karatasi yake safi, "amesimama", akalipiga mstari katikati.

"Nilijua halitakosekana," alisema. "Mwanzo mmesema kimekaa, kidogo. Sasa mnasema amesimama, mdogo. Mashine imesahau ngeli."

Fundi alifungua mdomo. Shangazi akamgusa kiwiko.

"Samahani, mama," alimwambia Mkutubi. "Naomba urudie chumba hicho. Safari hii usiyatazame maneno kwanza. Mtazame kidoli."

Mkutubi alirudia, kwa uso wa mtu anayewapa wenzake nafasi ya mwisho kwa sababu ya adabu tu. Kabati likafunguka. Kidoli kidogo kimekaa kabatini, macho yake rangi tupu juu ya mbao. Ufunguo ukazunguka. Macho yakapepesa, kichwa kikainuka, mkono ukapunga, na Mkutubi, bila kukusudia, akainua mkono wake kidogo kumpungia.

Aliutazama mkono ule. Akausoma mstari wa chini tena, polepole. Akarudi nyuma, akazungusha ufunguo mara ya tatu, na safari hii alikuwa anacheka kabla hata haujafika mwisho.

"Ameamka!" alisema. "Kumbe siyo kosa. Kilikuwa kitu, sasa ni mtu!" Akajipiga paja. "Miaka yote nawaambia watoto KI-VI, A-WA, wanapiga miayo. Hapa wataiona ikitokea." Kisha akaitazama karatasi yake, na uso ukakunjamana. "Lakini nimeshakata. Karatasi nzima ilikuwa safi, na uchafu uliomo ni wangu."

"Naruhusiwa?" Shangazi akauliza.

Alitoa kalamu nyekundu, akainama, na chini ya neno lililokatwa akaweka nukta tisa, moja kwa kila herufi.

"Hizo ni nini?"

"Maana yake liachwe kama lilivyo."

Mkutubi aliziangalia. "Hizo nitaziiba," alisema. Akaweka sahihi yake chini ya ukurasa, akainuka kwa shida kutoka kwenye kile kiti kidogo, akaenda kufungua mlango wa kioo. "Haya, mmoja mmoja! Nimesema mmoja mmoja!"

Hakuna aliyeingia mmoja mmoja. Mchoraji alirushwa kando na mkoba wa shule. Dakika tano baadaye chumba kizima kilikuwa kinamfokea kidoli kwa sauti moja, "Kimekaa! Kimekaa! Amesimama!" na Shangazi amesimama katikati yao, kimo chake na chao karibu sawa, akiongoza kwa kalamu.

Njiani kurudi Mchoraji alimwuliza kama Jumatatu ataweza kuja mapema, kwa sababu mchezo unaofuata una wanyama, na wanyama wana matatizo yao.

"Kifaru, kiboko," Shangazi alisema papo hapo. "Umbo la KI-VI, upatanisho wa A-WA. Nimeshaanza orodha."

Jumatatu mchana simu yake ililia juu ya meza. Ilikuwa baba. Sauti yake ni kubwa, sote tulisikia.

"Dada, nimeandika orodha ya sokoni tangu asubuhi. Iko mezani tu. Hakuna mtu wa kuitazama."

"Vitunguu umeviandikaje?"

"Kwa u tatu. Nilitaka uone."

"Iache hapo hapo mezani, mdogo wangu," Shangazi alisema, akasogeza kiti mbele mpaka tumbo likagusa meza. "Nikitoka kazini nitaipitia."